Nafasi ya Rebeka Kikosini

Ndugu zangu wa Pasiansi, na ninyi wa mitaa mingine mnaodhani mambo haya hayawahusu, sikilizeni. Nina hasira, na sitaificha.

Nyumba yangu na ya Sabina zinatenganishwa na ukuta mmoja. Jumapili baada ya ibada ilikuwa raha kusikia mambo ya upande wa pili. Odeta, binti yake, na Rebeka, mtoto wa marehemu mdogo wake, walikuwa wanarusha mpira kwenye ringi ya chuma waliyoifunga uani. Wanacheka, wanabishania pointi, na Sabina anawaita waje kula ugali na sato kabla havijapoa. Rebeka alilelewa na bibi yake huko Ukerewe. Alipokuja Mwanza kuanza chuo kilekile anachosoma Odeta, Sabina alimpokea kwa vigelegele, na mtaa mzima tukamsifu.

Chuo kilimchukua Rebeka kwa ajili ya mpira wa kikapu. Masharti yalikuwa wazi: akiwa kwenye timu anasoma bure, akiachwa na timu, masomo nayo yamekwisha, maana bibi yake hana uwezo wa kumsomesha. Sabina aliyajua hayo tangu mwanzo. Naomba msiyasahau tunapoendelea.

Muhula ule timu ya wasichana ilipata wachezaji wapya wawili. Napenda kwenda kuangalia mazoezi, kwa hiyo nilikuwepo kocha Alexander alipowakalisha wasichana uwanjani akapanga kikosi.

"Selina, wewe ni mrefu, utakaa chini ya kikapu," alimwambia mgeni wa kwanza. "Hapo tumepwaya tangu mwaka jana. Rebeka atachezesha timu. Huyu anamwona mwenzake aliyeachwa wazi kabla sisi hatujamwona."

"Na mimi je, kocha?" Odeta akauliza. "Kuchezesha si ndiyo kazi yangu?"

"Wewe ni mfungaji, Odeta. Tumekuwa tunakuchosha bure, unapandisha mpira uwanja mzima peke yako, ukifika mbele huna pumzi. Sasa simama pembeni, mpira utakufuata."

Wakajaribu. Rebeka alikuwa anaangalia huku, pasi inakwenda kule, na Odeta ameshaudaka na kufunga. Alifunga mpaka akaanza kucheka mwenyewe. Selina naye, aliyekuja akiwa anajikwaa, alijikuta analetewa mipira mizuri chini ya kikapu. Hata mimi nisiyejua sana mchezo huo niliona kwamba timu imekaa sawa.

Odeta alifika nyumbani na furaha yake, akamsimulia mama yake. Sabina hakufurahi.

"Yaani nimemleta mtoto ndani mwangu, aje achukue nafasi ya mwanangu?"

"Hajachukua, mama. Nimehamishwa tu, na sasa nafunga zaidi."

"Nyamaza! Unaonewa huku unachekelea."

Sabina anauza dagaa. Miaka yote amekuwa na vibarua, kina mama wa kuanika asubuhi na kuanua alasiri. Wiki ileile aliwaachisha wote. Kazi ya kuanua akampa Rebeka, kila siku akitoka darasani, saa zilezile za mazoezi. Tena alikuwa anazijua vizuri saa hizo.

"Mama mkubwa, leo tuna mazoezi," Rebeka alimwambia.

"Dagaa wakinyeshewa, huo mpira wako ndio utakaotulisha?"

Rebeka akachukua beseni akaenda ufukweni. Odeta akapita njia hiyohiyo na begi lake la viatu, akamuaga kwa mkono, akaenda uwanjani. Wote wawili wasichana, wote wanafunzi, wote wanakula chungu kimoja! Mmoja hakugusa hata dagaa mmoja.

Nilimfuata Sabina nikamuuliza, "Vibarua wako wamekwenda wapi?"

"Jirani, kila mtu na nyumba yake. Mtoto wa kike lazima azoee kazi."

"Kwani Odeta ni mtoto wa kiume?"

Akanifungia geti.

Kocha alikuwa na sheria yake: asiyefanya mazoezi hapangwi. Sabina hakuridhika kuiacha sheria ifanye kazi polepole. Alivaa kitenge chake kizuri akaenda chuoni, akamwambia kocha, "Mwalimu, huyu mtoto amenishinda. Anaaga kwamba anakuja kwako, kumbe anazurura." Alisema hivyo bila kupepesa macho. Na kocha, mtu mzima na akili zake, akaamini bila kuuliza mtu mwingine.

Alimsimamisha Rebeka mbele ya wenzake. "Mama yako amenieleza yote. Una la kusema?"

Hebu fikirini, ndugu zangu. Mtoto aliyelelewa kwa heshima atasimamaje mbele ya watu aseme mama yake mkubwa ni mwongo? Mlezi wake, mwenye nyumba anamolala? Rebeka alimwangalia Odeta, maana mimi siku hiyo sikuwepo, na pale yeye peke yake ndiye angeweza kusema. Odeta akainama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Sina, kocha," Rebeka akasema.

Basi akaondolewa kwenye timu, na chuo kikamwondoa kwenye masomo. Sabina mwenyewe alimsindikiza bandarini, akamnunulia na mikate ampelekee bibi. Mikate! Mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Yakaja mashindano, wakakutana na chuo kimoja cha Bukoba. Hakukuwa na mchezeshaji mwingine, Odeta akarudishwa kupandisha mpira. Wapinzani walilitambua hilo mapema, wakamwekea watu wawili kila anapoushika. Selina alibaki chini ya kikapu ameinua mikono, na mpira haumfikii. Sabina alikuwa jukwaani anapiga kelele, "Twende mwanangu! Onyesha!" Robo ya mwisho miguu ya Odeta ilikuwa imekwisha. Alijaribu kugeuka kati ya wale wawili, goti likabaki nyuma. Kilio chake tulikisikia uwanja mzima.

Daktari alisema atatembea vizuri baada ya muda, lakini mpira wa kikapu asahau.

Akiwa kitandani Odeta alimwita kocha akamweleza kila kitu: vibarua, dagaa, maneno ya mama yake, na yeye mwenyewe kunyamaza. Kocha alikwenda mbio kwa wakuu wa chuo. Alijibiwa kwamba nafasi ya Rebeka imeshapewa mwingine, na mwaka huu hakuna nyingine.

Odeta akagoma kula mpaka mama yake akubali kwenda Ukerewe. Walikwenda, nami niliombwa niwasindikize kwa ajili ya kumsaidia Odeta na magongo yake. Mama yake Sabina, yule bibi, alitukuta mlangoni. Hakutukaribisha viti.

"Sabina, nilikupa mtoto. Sikukupa kibarua."

Rebeka alitoka ndani, akapiga goti. "Shikamoo, mama mkubwa." Sabina alifungua mdomo, marahaba haikutoka. Odeta ndiye aliyeangua kilio. "Nilikuwa najua, Rebeka. Najua nilinyamaza." Rebeka alimshika asianguke, akamkalisha, akamfuta machozi kwa khanga yake.

Kisha akamgeukia Sabina. Hakupandisha sauti.

"Mama mkubwa, kazi yangu pale ilikuwa kumpa Odeta mpira ili afunge. Ulidhani nitamnyang'anya nini?"



FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto wa ndugu yako akiingia nyumbani kwako, hajaja kumpunguzia mwanao. Amekuja kuongeza. Ukimkandamiza ili wako apande, unamwondolea wako mtu ambaye angemsaidia kupanda. Na wewe kocha, mwalimu, kiongozi: ukiletewa mashitaka ya mtoto, mwite pembeni umuulize taratibu, maana heshima inaweza kumfunga mdomo mbele za watu. Nanyi vijana mnaoona mwenzenu mnayekula naye meza moja anaonewa, semeni. Msingoje mpaka muwe kitandani.

Wivu wa Sabina ulimlenga msichana mmoja. Umewatoa wawili uwanjani, na mmoja wao amemzaa mwenyewe.