Jino la Sita la Kengele

Asubuhi hiyo Kengele hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtia mama yake wasiwasi.

Kengele halikuwa jina lake la kuzaliwa. Baba yake alimpachika jina hilo kwa sababu sauti yake ilisikika hata msumeno ulipokuwa ukikata mbao. Alikuwa na miaka minane. Kwa kawaida, kabla ya shule, aliizunguka karakana ya baba yake akiimba na kuwatania wateja. Siku hiyo haikuwa ya shule, na bado alikaa kimya juu ya rundo la mbao, mkono shavuni.

Karakana ilikuwa mbele ya nyumba yao. Baba alitengeneza stuli, vitanda na makabati. Mama alikaa kibarazani na cherehani yake, akishona vitambaa vya makochi. Mtoto wao mchanga alilala kwenye blanketi karibu na miguu yake.

"Kula mkate wako, mwanangu," mama alisema.

Kengele alichovya mkate kwenye chai. Akausukuma upande wa kushoto kwa ulimi. Akatafuna polepole, kama mtu anayetafuna kokoto. Ghafla akafumba macho. Machozi yakamtoka.

"Fungua mdomo nione."

Mama aliinama. Nyuma kabisa, upande wa kulia chini, aliona gego moja pana. Katikati yake palikuwa na kitundu cheusi, kama tundu lililoachwa na msumari.

"Mwache mtoto," baba alisema huku akipiga randa. "Nimeshakwambia. Mchana naling'oa, kazi kwisha."

"Kwa uzi?"

"Uzi ni wa meno ya mbele. Hili ni la nyuma. Linataka koleo."

Mama alitazama ukutani. Koleo lilikuwa limening'inia pale, jeusi, lenye mdomo mpana. Ndilo lililong'oa misumari iliyopinda kwenye mbao kuukuu. 

"Baba Kengele, si twende hospitali kwanza?"

"Hospitali kwa jino la utoto? Watatucheka. Litaota jingine."

Baba aliweka randa chini. Akafungua kopo la misumari midogo na kumimina kiganjani vitu vyeupe. Yalikuwa meno ya mbele ya Kengele. Yote aliyafunga uzi yeye mwenyewe na kuyatoa kwa mlango wa kabati.

"Angalia," alisema. "Unaona mzizi hapa? Hakuna. Jino la mtoto limebandikwa tu kwenye fizi. Ukivuta, limetoka."

Mama aliangalia. Kweli, hayakuwa na mzizi. Yalikuwa mafupi, yamekatika chini kama kipande cha chaki.  Lakini roho yake haikutulia.

Shangazi yake Kengele alikuwa akifagia maranda. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Wifi, unamlea mtoto kama yai," alisema. "Mimi niling'olewa gego nikiwa mdogo kama yeye. Nilimng'ata baba kidole, basi, yakaisha! Na peremende nikapewa."

Alicheka mpaka pengo lake likaonekana. Kengele hakucheka.

Mama alirudi kwenye cherehani. Alijaribu kushona, macho yakimrudia koleo. Alipomaliza mto mmoja, aligundua kuwa ameshona ndani nje.

"Mteja wako atakalia pindo," baba alimtania.

Mama alianza kufumua. Hili jino halitikisiki, aliwaza. Yale ya mbele yalicheza kwa siku nyingi kabla ya kutoka. Hili limesimama kama nguzo. Mbona halitikisiki?

Mchana ulifika. Baba aliosha koleo kwa sabuni, akalitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Koleo likawa linagonga sufuria, ko, ko, ko. Kengele alisikia. Alijificha nyuma ya kabati lisilo na milango, na miguu yake yote ilionekana.

"Njoo, binti yangu," baba alimwita kwa upole. "Mara moja tu."

Walimkalisha kwenye benchi la kazi. Shangazi alimshika mikono. Mama aliambiwa ashike kichwa. Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa jasho. Mama alifungua mdomo aseme "basi".

"Hodi hapa!"

Wote waligeuka. Alikuwa mteja aliyeagiza stuli ndogo, mwanamke mrefu mwenye mkoba begani.

"Karibu, dada," baba alisema. "Stuli yako iko tayari. Ngoja nimalize kitu kidogo."

Mteja alitazama benchi. Akatazama koleo. Akaweka mkoba chini haraka.

"Fundi, unafanya nini?"

"Namng'oa binti yangu jino bovu la utoto."

"Subiri. Tafadhali, usimguse." Sauti yake ilikuwa ya upole lakini nzito. "Mimi ni tabibu wa meno. Hiyo stuli ni ya watoto wa kliniki yetu, wapandie kwenye kiti kirefu cha matibabu. Niruhusu nitazame kwanza."

Baba alishusha koleo shingo upande. Tabibu alinawa mikono. Akawasha tochi ya simu yake.

"Unaitwa nani, mrembo?"

"Kengele," mtoto alinong'ona.

"Kengele gani hii isiyolia? Haya, fungua mdomo. Sikuvuti kitu. Nahesabu tu."

Tabibu alianzia katikati ya meno ya chini, akaenda upande wa kulia. Alihesabu kwa sauti ili wote wasikie.

"Moja na mbili, meno ya kukatia. Haya ni mapya. Tatu, chonge. Nne na tano, magego ya utoto. Na hili bovu ni la sita."

Alizima tochi. Alimtazama baba.

"Fundi, mtoto ana meno ishirini ya utoto. Kumi juu, kumi chini. Kila upande, ukianzia katikati, ni matano tu. Hakuna la sita. Hili si jino la utoto. Hili ni la ukubwani."

"Haiwezekani!" mama alisema. "Hakuna jino lililong'oka pale."

"Ndiyo maana wazazi wengi hawalitambui. Huota nyuma ya gego la mwisho la utoto, mtoto akiwa na miaka sita hivi. Halisukumi jino lolote. Linaingia kimyakimya kama mgeni wa mlango wa nyuma."

"Na likitoka?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Halioti jingine. Maisha yake yote."

 Maji bado yalichemka kwenye sufuria. Shangazi aliachia mikono ya Kengele. Polepole alipitisha ulimi kwenye pengo lake. Akahesabu kwa kidole mdomoni mwake. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kidole kikaingia kwenye pengo.

"Kumbe!" alisema. "Langu lilikuwa la sita. Waliniambia litaota. Hadi leo nangoja."

Safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Baba alileta kopo lake. "Lakini haya hayana mzizi, daktari. Nieleze."

Tabibu alichukua jino moja. "Jino hili lilikuwa na mzizi mrefu. Huu unaouona ni ule upande wa juu tu. Chini ya jino la utoto, ndani ya taya, jino jipya hukua. Likipanda, mzizi wa lile la zamani unayeyuka kidogo kidogo. Ukiisha, jino linatikisika, linatoka. Wewe ulivuta yaliyokwisha kujiachia yenyewe."

Alichukua stuli yake, akaipindua miguu juu. "Fundi, mguu huu umeingia kwenye tundu na gundi imekauka. Ukiuvuta kwa koleo, itakuwaje?"

"Nitapasua ubao."

"Basi. Jino lisilotikisika lina mizizi kamili ndani ya mfupa. Hata gego la utoto liko hivyo."

Baba alikaa juu ya mbao. 

"Bado kidogo tu," alisema. "Ningemharibia mwanangu jino kwa mkono wangu."

"Bado halijapona," tabibu alijibu. "Jino lina gamba gumu nje. Ndani kabisa kuna kiini chenye mishipa na damu. Kama tundu halijafika huko, tutaliziba. Kama limefika, kazi ni kubwa zaidi. Mleteni kesho asubuhi. Akivimba shavu au akipata homa, msingoje kesho."

Jioni hiyo mama aligusa shavu la Kengele mara nyingi mno, hata mtoto akalalamika, "Mama, unanichosha shavu!"

Asubuhi iliyofuata wazazi walimpeleka Kengele kliniki, yenye kuta nyeupe na harufu ya dawa. Alipanda kwenye kiti kirefu kwa stuli iliyotengenezwa na baba yake. Tabibu alipiga jino picha ya eksirei. Kisha akaiangalia kwenye kioo cha kompyuta. Mama alimshika mumewe mkono. 

"Njooni muone," tabibu alisema mwishowe.

Kwenye picha waliona taya kama ukuta uliokatwa katikati. Chini ya magego ya utoto kulikuwa na meno mengine, bado yamelala ndani ya mfupa. Chini ya gego la sita hakukuwa na kitu.

"Hili ndilo tundu," tabibu alionyesha. "Na hiki ndicho kiini. Kati ya hivi viwili pamebaki nafasi ndogo. Mmewahi."

Mama alishusha pumzi. 

Kengele alichomwa sindano ya ganzi. Alipiga kelele moja, na wagonjwa wote waliokuwa nje waliisikia. Mama alifurahi kuisikia. Tabibu alisafisha tundu na kuliziba.

"Anapiga mswaki na nani?" tabibu aliuliza baadaye.

"Peke yake," mama alijibu. "Tena anapiga ya mbele tu. Na mimi... akinisumbua nikiwa na kazi, nampa peremende."

"Wengi tunafanya hivyo. Lakini sukari ikikaa mdomoni kila saa, vijidudu vinaitumia kutengeneza asidi, na asidi inakula jino. Vitamu vipungue, na viwe wakati wa chakula. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha jino. Mkono wake bado mdogo, kwa hiyo mkubwa mmoja amsaidie mpaka nyuma kabisa. Akimaliza, ateme tu povu."

"Na haya ya utoto yatakayotoka, nayo tuyahangaikie?" baba aliuliza.

"Sana. Magego haya atayatumia mpaka miaka kumi au kumi na miwili. Yanalinda nafasi ya yanayokuja. Likitoka moja mapema, majirani zake wanaegemea pengo. Jipya likija linakuta mlango umefungwa."

"Kama fremu iliyopinda," baba alisema.

"Umeelewa, fundi."

Majuma yalipita. Koleo lilirudi ukutani, likabaki na kazi ya misumari. Kopo la peremende lilihamia juu ya kabati. Kila jioni shangazi ndiye aliyesimama na Kengele bombani.

"Nyuma, nyuma!" alimhimiza. "Hilo ukilipoteza utangoja kama mimi."

Jioni moja mtoto mchanga aling'ata kidole cha mama. Mama aliguna, kisha akatazama. Kwenye fizi ya chini palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Baba Kengele! Jino la kwanza!"

Baba alikuja mbio, maranda kwenye nywele. Hakutania. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha akaomba kitambaa safi chenye maji, akakipitisha juu ya kale kajino, polepole, kama anavyofuta vumbi kwenye kioo cha kabati jipya.

"Mbona unahangaika, Baba?" Kengele alipaza sauti kutoka bombani, povu likimtoka mdomoni. "Si la utoto tu hilo?"

"Tema povu kwanza," baba alisema. "Halafu njoo, nikueleze kuna nini chini yake."