Mama Pettway Asifu Kitabu

Kila Jumamosi, kabla Deja hajamaliza kutafuna kiamshakinywa chake, fagio lilikuwa tayari likimngoja. Saluni ya mama yake mkubwa, Bi Roxie, ilifunguliwa mapema, kwani mjini Memphis mwanamke wa kanisa haendi ibada ya Jumapili na kichwa kama kiota cha kunguru. Kufikia saa nne asubuhi viti vyote vilikuwa vimejaa, vitana vya moto vinachoma nywele, na midomo haipumziki. Nani kaachana na nani, mchungaji kanunua gari gani, binti wa fulani kavaa nini harusini: habari zote zilipita hapo kwanza, magazeti yakafuata nyuma.

Deja alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi aliyopewa ilikuwa kufagia nywele na kukunja taulo. Kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kusikiliza.

Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa, na kukizunguka Bi Roxie alikuwa amechomeka vijitabu vya mazishi, kila kimoja kikiwa na jina na picha ya marehemu anayetabasamu chini ya kofia yake ya Jumapili. Wote walikuwa wateja wake. Aliwatengeneza nywele wakiwa hai, na walipofariki alikwenda kuwatengeneza kwa mara ya mwisho.

"Mimi siwaachi wateja wangu," alipenda kusema. "Na wao hawaniachi. Tazama, leo wamekuja wote."

Mama yake Deja, Latrice, hakuwa msusi. Alikuwa dereva wa basi la jiji, na kwa miaka mingi aliandika riwaya wakati wa mapumziko, karatasi zikiwa juu ya usukani. Riwaya yenyewe, Mvuke wa Alfajiri, ilihusu wanawake weusi waliofua mashuka ya hospitali enzi za bibi zao. Mchapishaji mmoja baada ya mwingine alimrudishia mswada. Mmoja aliandika kwamba ameupenda sana, ila hajui ni nani angeununua.

"Hajui!" Bi Roxie alifoka siku hiyo. "Aje hapa Jumamosi nimwonyeshe nani!"

Mwishowe Latrice alikichapisha kitabu mwenyewe. Hapo ndipo alipogundua kwamba kuandika kulikuwa nusu tu ya safari. Hakujua jalada huchaguliwaje, wala kwa nini wenye maduka hukataa kitabu wasichoweza kukirudisha kisipouzika. Akajiunga na darasa la waandishi weusi lililokuwa likikutana maktabani jioni za Alhamisi, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia Deja, alimchukua.

"Adui yenu ni kutoonekana," mwalimu wa darasa lile aliwaambia jioni moja. "Duka la mtandaoni halikisukumi mbele kitabu kisicho na maoni ya wasomaji. Watafuteni wasomaji, muwaombe waseme walichokiona. Lakini nisikie mtu amejiandikia sifa mwenyewe! Tutakosana."

Deja alimtazama mama yake, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kuamka kabla ya jogoo. Kitabu chake kilikuwa na maoni matatu tu. Moja lilitoka kwa mwanamke wa Mississippi ambaye hawakumjua kabisa. Alikuwa ameandika kwamba amekisoma, akalia, kisha akamnunulia dada yake nakala. Latrice alikuwa akiyasoma maneno hayo kila siku kabla ya kuwasha basi.

"Mama hatajiandikia," Deja akawaza. "Nitamwandikia mimi."

Akaona hapo hakuna uongo. Kitabu si kizuri? Ni kizuri. Basi kilikosa watu wa kusema tu. Tatizo lilikuwa majina. Akitumia ya walio hai, wangeulizana. Ndipo alipokumbuka kile kioo cha saluni na nyuso zake zote zinazotabasamu. Wale wasingemlalamikia mtu. Kwa tabuleti yake, jioni baada ya jioni, Deja akafungua akaunti kwa jina moja baada ya jingine, akaandika sifa, akapachika nyota tano kila mahali. Kitabu kikaanza kupanda. Latrice alipoona alicheza jikoni na mwiko mkononi, na Deja akacheza naye.

Furaha ilikuwa na sababu nyingine. Bi Verlene Pettway, mwenyekiti wa klabu kubwa ya wanawake wasomaji, alikuwa amemwalika Latrice mwezi uliofuata. Wanawake wale walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakala samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi, kisha wakamhoji mwandishi mpaka atoke jasho. Wakikipenda kitabu, klabu za miji mingine hukifuata. Kwa mwandishi asiye na mchapishaji, mlango kama huo ukifunguka leo huenda usifunguke tena. Bi Verlene alikuwa na sababu yake pia: marehemu mama yake alikuwa mfuaji wa hospitali.

Jumamosi moja, saluni ikiwa imefurika, mteja mmoja mcheshi aliyeitwa Peaches alikuwa akichezea simu huku anasukwa.

"Jamani, nyamazeni! Kitabu cha Latrice kinasifiwa huku kama kuku wa Jumapili! Sikilizeni: 'Nilianza kusoma jioni, nikasoma usiku kucha, sikuweza kukiweka chini.'"

"Kaandika nani?" Bi Roxie akauliza, kitana hewani.

"Kaandika Ernes..." Peaches akasita. "Ernestine Pettway."

Saluni nzima ikanyamaza. Kilichobaki ni mngurumo wa draya moja ya kukaushia nywele, na chini ya draya hiyo alikaa Bi Verlene. Aliona midomo yote imefungwa na macho yote yamemgeukia. Akainua ile kofia ya draya.

"Kuna nini?"

 Alinyoosha mkono, Peaches akampa simu. Bi Verlene alisoma polepole, kisha akatazama kioo, pale ambapo mama yake alikuwa akitabasamu chini ya kofia ya zambarau.

"Mama tulimzika kabla kitabu hiki hakijachapishwa," alisema. Akacheka kicheko kikavu. "Usiku kucha! Mama yangu mimi, anasoma usiku kucha!"

Mlango ukafunguka wakati huohuo. Latrice aliingia na sare yake ya udereva, amekumbatia sanduku la vitabu.

"Habari za humu, warembo wangu?"

"Umemfukua mama yangu akuuzie kitabu," Bi Verlene akasema.

"Nini?"

"Usinifanyie 'nini', Latrice. Nilikufungulia nyumba yangu. Ungeniomba nikusifu, ningekusifu. Lakini maiti?"

Latrice alisoma. Akaapa kwamba hajui lolote. Kadiri alivyoapa ndivyo wanawake walivyozidi kutazama kucha zao. Mmoja akaguna, "Sasa nani mwingine angefaidika?" Hata Bi Roxie hakumtetea, kwani kwenye simu alikuwa ameona majina mengine, na yote yalikuwa ya kioo chake.

Deja alisimama kwenye kona, fagio mkononi.  Alitaka kusema, ila kila sekunde iliyopita iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Bi Verlene akalipa, akaondoka na nywele mbichi.

"Mwezi ujao usije," alisema mlangoni.

Walipokuwa mezani jioni ile Latrice hakugusa chakula. "Sijui nani ananichukia kiasi hiki," alisema.

Deja akaweka uma chini. "Hakuna anayekuchukia, Mama. Ni mimi."

Alingoja makelele. Hayakuja. Latrice alimtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni.

"Na ulikuwepo pale," alisema. "Uliniacha niape peke yangu."

Neno hilo lilimchoma Deja kuliko fimbo.

Latrice aliliandikia duka la mtandaoni akaeleza ukweli wote. Jibu lilikuja haraka, halikuwa na huruma. Ukurasa wa kitabu ulifungwa kwa muda, na maoni yote yakafutwa, ya uongo na ya kweli pamoja. Yule mwanamke wa Mississippi naye akafutika. Latrice alijaribu kuyaandika maneno yake kwa kumbukumbu, akakuta hayakumbuki sawasawa.

Jumapili baada ya ibada walikwenda kwa Bi Verlene. Latrice alibeba keki ya siagi. Kitabu hakubeba. Bi Verlene aliwapokea barazani, hakuwakaribisha ndani.

"Sema," Latrice akamwambia Deja.

Deja akasema yote. Hakujificha nyuma ya maneno "nilitaka kusaidia", hata Bi Verlene alipomuuliza kwa nini alimtumia marehemu.

"Nikadhani... marehemu haumii, Bi Verlene."

"Marehemu haumii. Mimi je?" Bi Verlene aliinamisha kichwa. "Nitakuambia jambo, mtoto wewe, na likitoka barazani hapa nitakujua. Mama yangu hakujua kusoma. Alitolewa shule mdogo kuliko wewe akachume pamba. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo mbele ya kifua kama kila mtu, akaimba kwa kichwa, na hakuna aliyegundua. Alitamani kusoma mpaka siku anakufa. Nami nikafungua simu nikakuta anasoma usiku kucha. Unajua kwa nukta moja nilifurahi?"

Deja alilia. Latrice naye alilia. Bi Verlene hakulia, alipokea keki.

"Samahani nimeipokea. Mwaliko haurudi. Wanachama wamekwishakataa, na mimi sitawabembeleza."

"Ni haki yenu," Latrice akajibu.

Jumamosi iliyofuata, watu walipojaa, Deja aliweka fagio chini, akasimama mbele ya kioo, akawaambia wote nani aliandika zile sifa. Kuhusu yale ya barazani hakusema neno. Wengine walitikisa vichwa. "Mtoto kama huyu!" mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Deja alivumilia. Kisha akawaendea mmoja mmoja wenye jamaa kwenye kile kioo, akaomba radhi.

Peaches peke yake alichomoa kitabu sandukuni. "Nakinunua. Lakini Latrice, kikinichosha nitasema kimenichosha."

"Sema hivyohivyo," Latrice akasema.

Basi wakaanza upya, tena kwa miguu. Siku zake za mapumziko Latrice alizunguka na sanduku lake: saluni hii, ukumbi wa kanisa ule, mikusanyiko ya familia kwenye bustani. Deja alibeba meza ya kukunja. Kuna siku walirudi na sanduku lilelile, zito vilevile. Uvumi ulikuwa umewatangulia, na baadhi ya watu waliwauliza kwa kejeli, "Leo mmekuja na marehemu gani?" Latrice alimeza. Deja alijifunza kumeza.

Majira yakabadilika. Ukurasa wa kitabu ukafunguliwa, mtupu kama siku ya kwanza. Ndipo Jumamosi moja Deja alipomwona Bi Verlene chini ya draya, Mvuke wa Alfajiri ukiwa mapajani mwake. Alikinunua lini, hakuna aliyejua. Na kwa saluni ile, hiyo peke yake ilikuwa habari. Latrice alipoingia, Bi Verlene hakumsalimu. Aliinua kofia ya draya.

"Wanawake wako wanalia sana."

"Abee?"

"Humu ndani. Kila ukurasa wanafuta machozi. Mama hakulia kule kwenye kufua. Alitukana! Alimtukana msimamizi mpaka mashuka yakaona haya. Umewafanya watakatifu, Latrice. Hawakuwa watakatifu, walikuwa wamechoka."

Saluni ilisubiri ugomvi. Latrice aliketi kwenye kiti cha jirani, sare na yote.

"Liandike hilo, Bi Verlene. Niandikie huko kwenye ukurasa."

"Nitaandika. Kwa jina langu."

Jioni ile maoni ya kwanza yalitokea. Nyota tatu. Deja alihisi uchungu. "Tatu tu, Mama! Atatuharibia!"

Latrice alisoma maneno yale kwa makini, akayarudia, kama alivyokuwa akifanya na yale ya mwanamke wa Mississippi.

"Zile nyota zako zilikuwa tano tano," alisema, "na hakuna hata moja niliyoweza kuishika. Hizi tatu ametoa mtu aliyesoma, akanikasirikia, akafika mwisho. Hilo haliibwi, mwanangu, wala haliazimwi kwa marehemu. Mtu akikusifu kwa uongo hakupi kitu. Anakuchelewesha tu siku ya kuumbuka. Na mkweli utamngojea, hata akija kwa kuchelewa, hata akija amenuna."

 Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha basi, Latrice alisoma tena zile nyota tatu.