Kidude cha Saa Mbili

Kila asubuhi kule Utange, Nzai hunywa chai yake kwa mbaazi na mahamri kabla ya kwenda kazini kiwandani Changamwe. Na kila asubuhi humkuta binti yake, Mweri, ameshainamia kompyuta.

"Mweri."

"Abee, baba."

"Hivi kazi yako wewe inaitwaje? Jana kanisani nimeulizwa, nikababaika."

"Natengeneza vidude vya mtandaoni, baba."

"Vidude gani?"

Mweri akafikiri. "Ni hivi. Mtu ana duka lake kwenye mtandao. Duka limekamilika, ila mlango hauna kitasa. Mimi sijengi duka, natengeneza kitasa. Kinaweza kuwa saa, au kikokotoo, au pahali pa mteja kuweka miadi. Mwenye duka hulipia kidude, akakibandika kwenye ukurasa wake, basi."

Nzai akaitikia kwa kichwa. Kitasa alikielewa. Mengine yote yalimpita, na usimcheke, maana mkewe Kanze alikuwa ameshawatangazia wenzake kanisani kwamba binti yao anauza vitasa.

"Nimeongea na msimamizi wetu," Nzai akasema. "Kama vidude havijakulisha mwezi ukiisha, utakuja kiwandani na mimi. Kompyuta utaifunika."

Mweri akahesabu siku zilizobaki. Alikuwa na mteja mmoja tu, Pascalia, msusi wa Kisauni. Alimtengenezea kidude cha miadi. Mteja hufungua ukurasa wa saluni kwenye simu, akagusa siku, akagusa saa, na Pascalia akapata ujumbe. Mweri alikuwa amekijaribu hadi akachoka. Hakikumpa taabu yoyote.

Jumamosi simu ikalia. Alikuwa Pascalia.

"Mweri, kidude chako kina wazimu. Kimeniambia bi arusi anakuja saa nane mchana. Mimi nafika saa nne asubuhi, namkuta mlangoni analia. Yuko pale tangu saa mbili, na arusi yake ni saa tano. Kaenda kanisani kichwa nusu kimesukwa, nusu kimefungwa kitambaa. Kitoe hicho kitu kwenye ukurasa wangu."

Mweri akarudi kwenye kompyuta. Akapitia kazi yake mstari kwa mstari. Hakuona kosa. Akagusa 2, ujumbe ukaja: saa nane mchana. Ndivyo alivyokusudia. Akagusa tena, vilevile. Alichanganyikiwa hata machozi yakamlenga.

"Labda saa ya ukutani kule saluni imeishiwa betri," Nzai akasema. Alitaka kusaidia tu, masikini.

Chumba cha pili aliishi Josephine, ambaye hutengeneza kurasa za mtandao za mahoteli. Alisikia yote kupitia dirisha. Akapiga hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, tumevurugikiwa hapa."

"Mweri, kidude hicho ulikijaribu na nani?"

"Mwenyewe. Tena sana."

"Basi hukukijaribu. Wewe unajua ulichokusudia. Mpe mtu asiyejua, kisha ufunge mdomo na utazame kidole chake."

Mtu asiyejua alikuwa amekaa palepale na kikombe mkononi. Josephine akampa simu. "Mzee, tuseme unataka miadi Jumamosi, saa mbili asubuhi. Jiwekee."

Nzai akavaa miwani. Kwenye simu palikuwa na namba tupu: 8, 9, 10, 11, 12, 1, 2, 3, 4, 5. Mweri akataka kusema, Josephine akamfinya. Kidole cha Nzai kikaipita 8, kikaipita 9, kikatua kwenye 2.

"Tayari," akasema.

"Baba, hiyo ni saa nane mchana."

"Nane inatoka wapi? Umeandika mbili, mwanangu. Mbili ni mbili."

Mweri akaitazama tena ile 2. Kompyuta huhesabu saa za Kizungu, na 2 yake ya mchana ndiyo saa nane yetu. Bi arusi alihesabu kama sisi sote, kuanzia jua linapotoka. Mweri alikuwa ameizoea kompyuta hadi akasahau jinsi wanavyotaja saa nyumbani kwao.

"Nimeona aibu," akasema.

"Itakwisha," Josephine akajibu. "Andika saa kwa maneno, na useme ni asubuhi au mchana. Mwisho kidude kimuulize mteja kama ndivyo anavyotaka. Halafu usimpigie Pascalia simu. Nenda mwenyewe, umwombe radhi."

Mweri alirekebisha, na siku tatu baadaye akaenda saluni. Pascalia alimpokea kwa uso mkavu. Na kwenye kiti, akimalizia kusukwa ile nusu iliyobaki, alikuwa Faith, yule bi arusi. Mweri alitamani ardhi impasukie. Lakini aliwaomba radhi wote wawili, akampa Faith simu, akafunga mdomo.

Faith akagusa, akasoma kwa sauti: "Utakuja Jumamosi, saa mbili asubuhi. Ni sawa?" Akainua macho. "Kingeniuliza hivi siku ile, nisingelia mlangoni."

Pascalia akaendelea kusuka kidogo. "Basi kiache," akasema.

Mwezi ulipokwisha, kidude kilekile kilikuwa kwa Pascalia, kwa daktari wa meno wa Mkomani, na kwenye gereji moja ya Mtongwe. Mweri hubadilisha jina, rangi na saa za kazi. Wote humlipa kila mwezi akiangalie kisiharibike. Na hakuna anachokitoa kabla baba yake hajakigusa.

Msimamizi wa kiwanda akapiga simu.

"Nzai, binti yako anaanza lini?"

"Haji. Ana kazi yake."

"Kazi gani?"

"Anatengeneza vidude."

"Vidude gani?"

Nzai akakohoa. "Njoo nyumbani kesho saa mbili nikuoneshe," akasema. Kisha akakumbuka. "Saa mbili asubuhi. Ni sawa?"