Mafundi Kumi na Wawili

"Umemchongea mwanangu!" Fundi cherehani alifoka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Vichwa vikachungulia milangoni, korido nzima. "Chuo kimekataa ripoti yake, na mfanyakazi wa chuo hapa ni wewe!"

Jirani yake, mkutubi, alishika kiuno. "Mimi tena? Dada, ripoti imejichongea yenyewe. Inasema amehoji mafundi cherehani kumi na wawili wa mtaa huu. Mhadhiri akataka majina. Haya, wewe wataje!"

Fundi akahesabu. Yeye. Yule wa kona. Na Babu Kipara, aliyeacha kushona tangu macho yaanze kumsumbua. Vidole vikagoma hapo.

Binti yake, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa. "Mama, niliiachia akili mnemba. Ile programu ya kwenye simu. Niliiomba mahojiano, ikanitungia."

"Mama yako niko chumba cha pili nashona, wewe unaiuliza simu?"

Fundi alikumbuka jioni zote alizosimamisha cherehani ili mtoto asome kwa utulivu. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa akingoja aulizwe, japo mara moja. Na gauni la mahafali lilikuwa ukutani, limeshakunjwa pindo.

"Kwani hiyo programu imekatazwa?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Haijakatazwa," mkutubi alijibu. "Ila mtaa wetu haiujui. Ikikosa jibu, hubuni, tena kwa maneno matamu. Aende kwa watu mwenyewe, aandike walichosema. Halafu imsaidie kupanga na kusahihisha lugha. Akague kila mstari, na aseme wazi alipoitumia."

Akaingia kwake, akafunga mlango.

Binti alianza upya. Swali la kwanza alimuuliza mama yake. Majibu yakajaza nusu daftari. Babu Kipara alimaliza nusu iliyobaki, na hakuwa amefika hata kwenye vifungo.

Ripoti ya mafundi watatu ilipita. Lakini wenzake walikuwa wameshahitimu na kuanza kazi. Gauni lilijaribiwa tena mwaka uliofuata, likambana kiunoni. Fundi alilifumua na kulishona tena.

Siku ya mahafali, mkutubi alipita koridoni bila kugeuza shingo. Mwaka mzima salamu zao zilikuwa za midomo tu.

"Dada," Fundi aliita. "Yale maneno... nilikuonea."

"Mbele ya korido nzima."

Fundi akapaza sauti, vichwa vikachungulia tena. "Nilimwonea huyu! Mmesikia?" Kisha akasogea pembeni ya mlango. "Ingia, tule. Chakula chako nimeshakipakua."