Kwa Nini Mejumaa Aliacha Mswaki

Je, wewe ukipiga mswaki, ukatema, ukaona mate yamekuwa mekundu, hufanya nini? Huendelea, au huuweka mswaki chini?

Mejumaa aliuweka chini.

Mejumaa hupaka watu hina. Anakaa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye nyumba ya ghorofa yenye ngazi za mbao zinazolia mtu akipanda. Asubuhi huchekecha hina kwa kitambaa chepesi, huikoroga kwa maji ya ndimu, kisha huijaza kwenye koni. Mabibi harusi wengi wa mtaa wamepita mikononi mwake. Kazi yenyewe ni ya kuinamiana. Anayepaka na anayepakwa huwa karibu, uso kwa uso.

Mwezi wa Ramadhani, siku moja mchana, alipiga mswaki akaona damu. Akaingiwa na hofu.

"Nikiimeza damu hii, saumu yangu itakuwaje?" alijiuliza.

Basi mchana akauacha mswaki. Lakini akauacha na usiku pia. Akishafuturu kwa tende na kaimati, alisukutua maji tu. Akishakula daku, alilala. Idi ikaja, ikapita, na mswaki bado umo kikombeni, umekauka. Fizi zake zikawa nyekundu, zikavimba. Akazoea kuweka karafuu shavuni ili mdomo unukie.

Harusi za baada ya Idi zikaanza, na wateja wakaja. Bi Batul, mwenye duka la leso Biashara Street, alikuja kupakwa kwa ajili ya harusi ya jirani yake. Mejumaa alipoinama, Bi Batul aligeuzia uso dirishani.

"Bi Batul, tulia. Maua yatapinda."

"Nimetulia, shoga. Natafuta upepo tu." Kisha akacheka. "Na wewe mbona wajifunika mdomo kwa leso? Kwani bibi harusi ni wewe?"

Mejumaa naye akacheka, lakini midomo ameifumba.

Jioni ile akaja Swafia. Swafia ni mtoto wa marehemu dada yake Mejumaa, na Mejumaa ndiye aliyemlea. Harusi yake mwenyewe ilikuwa mwisho wa mwezi. Aliketi mkekani, akawa anazungusha pete kidoleni.

"Mama mdogo, Zoya, binti wa Bi Batul, amesema atanipaka hina yeye. Wewe siku hiyo upumzike."

"Nipumzike?"

"Una kazi nyingi, mama. Wageni, chakula..." Swafia hakuinua macho.

Tangu Swafia alipokuwa mdogo, akijipaka mabaki ya hina kwenye kucha, Mejumaa aliingojea siku ya kumpamba. Maneno yalimjaa mdomoni. Akayameza.

"Si neno, mwanangu," alisema.

Swafia alipoondoka, Mejumaa alishuka ngazi, akabisha mlango wa chini. Hapo anakaa Winnie, binti wa Kigiriama anayefanya kazi kwenye kliniki ya meno upande wa Makupa. Winnie alikuwa akikuna nazi.

"Karibu, Bi Mejumaa! Habari za jioni?"

"Njema. Winnie, nikuulize, na usinifiche. Mdomo wangu wanuka?"

Winnie aliacha kukuna.

"Wanuka, Bi Mejumaa. Nisamehe."

"Na hukuniambia! Kila siku twapishana ngazini!"

"Niliona haya. Wewe ni mkubwa wangu. Hebu njoo kwenye taa nikuangalie."

Mejumaa alipanua mdomo. Winnie aliangalia juu na chini, akamwuliza damu ilianza lini. Mejumaa akamweleza yote, tangu siku ile ya Ramadhani.

"Mambo ya saumu wayajua wewe, si mimi," alisema Winnie. "Lakini baada ya kufuturu, na baada ya daku, si ulikuwa na nafasi?"

"Nilikuwa nayo. Lakini kila nikigusa, damu. Nikaona mswaki unaniumiza."

"Ndipo wengi wanapokosea. Damu haiji kwa sababu ya mswaki. Huja kwa sababu ya ukoga. Huo ni uchafu laini unaoganda kwenye meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Ukiuacha, ufizi unavimba. Ukivimba, ukiugusa tu unatoka damu. Wewe ukaogopa damu, ukoga ukazidi."

"Na karafuu yangu?"

"Yaficha harufu tu. Ni kama kunyunyiza marashi kwenye nguo isiyofuliwa."

Mejumaa akacheka, safari hii mdomo wazi. "Ewe mtoto una maneno! Basi nifanye nini?"

Winnie aliingia ndani, akatoka na mswaki mpya wenye nywele laini.

"Mgumu usiutumie, hukwaruza. Weka dawa ya meno yenye floraidi. Ulaze mswaki hivi, uelekee kwenye ufizi. Zungusha pole pole, jino baada ya jino, nje na ndani. Usisugue kama unayesugua sufuria. Asubuhi na usiku kabla ya kulala, dakika mbili kila mara. Ukimaliza, upitishe na kwenye ulimi."

"Na katikati ya meno?"

"Uzi wa meno, mara moja kwa siku. Upitishe taratibu, usiukate ufizi. Na fizi zikiuma, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji ya vuguvugu. Sukutua, uteme, usimeze. Lakini maji ya chumvi hayachukui nafasi ya mswaki."

"Na damu ikitoka?"

"Siku za mwanzo itatoka. Usiache. Zikipita wiki mbili na bado inatoka, au ukiona usaha, au jino linacheza, usikae nyumbani, nenda kwa daktari wa meno. Uso ukivimba au ukipata homa, nenda siku hiyo hiyo. Tena naona ugaga nyuma ya meno ya chini. Huo ni ukoga uliogeuka kama jiwe. Mswaki hauutoi. Njoo kliniki usafishwe."

Usiku ule Mejumaa alipiga mswaki kama alivyofundishwa. Akatema. Damu. Mkono ukataka kuuweka mswaki chini, lakini akaendelea hadi jino la mwisho. Kesho yake damu tena. Akapiga kelele dirishani:

"Winnie! Bado yatoka!"

"Na wewe bado upige!" Winnie akajibu kutoka chini.

Alienda kliniki, akatolewa ugaga. Akaendelea na mswaki wake asubuhi na usiku. Damu ikapungua, ikawa michirizi, kisha mate yakatoka meupe. Fizi zikarudi rangi yake, zikashika meno vizuri. Siku moja alikumbuka kwamba hata karafuu hajaweka shavuni, na hakuna aliyegeuza uso.

Siku chache kabla ya harusi, Swafia alikuja na mahamri ya moto. Wakaketi kunywa chai, bega kwa bega. Mejumaa alizungumza, akacheka, leso yake iko mabegani. Swafia alimwangalia sana.

"Mama mdogo, umependeza. Umefanya nini?"

"Nimerudi kwenye mswaki. Fizi zilikuwa zinauma, mwanangu. Najua uliisikia harufu, ukaona haya kuniambia."

Swafia aliinamisha kichwa, machozi yakamlenga. "Niliogopa kukuvunja moyo."

"Ulinivunja kidogo. Na mimi nilikosa, nilikunyamazia." Mejumaa aliweka kikombe chini, akaishika mikono ya binti huyo, akaigeuza viganja juu. "Zoya na akupake miguu, ana mkono mzuri. Lakini hii, Swafia, nataka niipake mimi."