Taa za Mchana za Gari la Method

Siku ambayo Method hakurudi, mke wake Tereza alikuwa anaanika mpunga uani. Jua lilikuwa kali. Method alikuwa anatoka Mamba, anarudi nyumbani Kibaoni. Mbele yake lilitangulia lori la mahindi, na vumbi lake likaifunika barabara yote. Gari la Method lilikuwa dogo, la kijivu. Dereva wa pikapu iliyokuwa inakuja kutoka mbele alingoja lori lipite, akadhani nyuma yake hakuna kitu. Akakata kona kuingia shambani, na magari yakagongana.

Dereva huyo alipona. Alikuja msibani, akakaa na wanaume wengine. Alisema maneno machache tu: "Jamani, sikuliona gari. Niliona vumbi."

Baada ya matanga, gari lilitengenezwa. Mlango wa dereva uliopatikana ulikuwa mweupe, ukaachwa hivyo hivyo. Gari likakaa uani mpaka mpunga ukavunwa tena.

Ndipo Lyamba, mdogo wake Method, akaja kuomba ufunguo.

"Shemeji, gari linaota kutu. Kuku wanataga ndani. Nipe nibebe abiria na mpunga."

"Barabara hiyo imeshamchukua mmoja," Tereza alisema. "Sitaki imchukue wa pili."

"Basi nitawasha taa mchana kweupe. Hata kipofu ataniona."

Bibi Josefina, mama yao Method na Lyamba, alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini.

"Taa mchana? Gari linalowasha taa mchana limebeba maiti. Mnataka watu wa Kibaoni watuulize tena tunamzika nani?"

"Kweli, mama. Na madereva nao watanisumbua: zima taa, betri inaisha!" Lyamba alikunja na kukunjua vidole, kama wanavyofanya madereva. Mama yake hakucheka.

Tereza aliugusa ufunguo. Alikuwa ameufunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Twende Mpanda kwa Dafrosa," alisema. "Yeye ni fundi umeme wa magari. Akisema hapana, gari tunaliuza."

Tereza na Lyamba walikwenda polepole, taa kubwa zimewashwa. Njia nzima madereva waliwaonyesha ishara ile ya vidole. Penye soko mzee mmoja alivua kofia. Tereza alitazama chini. Walipofika Mpanda, alinyoosha mkono, na Lyamba akamrudishia ufunguo.

Dafrosa aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha barabara ya vumbi iliyopita mbele ya gereji yake.

"Tazama kule mbali. Unaona nini?"

"Taa," alisema Tereza.

"Na gari?"

"Gari bado."

"Ndiyo hivyo, dada. Kwenye vumbi jicho linaona taa kwanza. Nitakufungia taa ndogo mbili hapa mbele. Ni za mchana. Hazimulikii barabara. Kazi yake ni gari lionekane."

"Na betri?" aliuliza Lyamba.

"Zinakula umeme kidogo, na injini ikizunguka betri inachajiwa. Kosa ni kuunga waya moja kwa moja kwenye betri. Hapo zinawaka mpaka asubuhi. Mimi napitishia kwenye swichi ya gari. Ukiwasha gari, zinawaka zenyewe. Ukizima, zinazimika. Naweka na fyuzi. Waya zikigusana, inaungua fyuzi, gari linabaki."

"Niwekee za bluu basi, zile za kupepesa."

"Wewe unataka kuonekana au kushangaliwa? Nyeupe, zimetulia. Na msikilize nyie wote. Hizi ni za mbele tu. Vumbi likiwa zito, au mvua, washa na taa kubwa, mwanga wa chini, ili na taa za nyuma ziwake. Halafu kaa mbali na lori, punguza mwendo. Taa haishiki breki."

Tereza alishika pindo la kitenge chake. Kisha akauliza, "Siku ile, kama zingekuwepo?"

Dafrosa alifuta mikono kwa kitambaa. "Siwezi kukuambia, dada. Ila yule dereva angekuwa na kitu cha kuona."

Tereza alifungua pindo la kitenge. Ufunguo akampa Dafrosa.

Lyamba alianza kazi wiki ile ile. Siku moja alikuwa nyuma ya lori, mbali kidogo. Alikuwa amewasha na taa kubwa, kama alivyofundishwa. Pikapu iliyokuja mbele ilianza kukata kona. Ghafla ikasimama. Dereva akatoa mkono nje, akamwashiria apite. Lyamba alipita. Jioni alimsimulia shemeji yake, na siku hiyo hakutania.

Madereva wengine bado wanamwonyesha ishara ile ya vidole. Yeye huwapungia mkono na kuendelea na safari. Pale sokoni hakuna anayevua kofia tena.

Siku hizi, jua likielekea kuzama, Bibi Josefina hukaa mlangoni akitazama barabara. Akiona taa mbili ndani ya vumbi, huita, "Tereza, bandika maji." Tereza hubandika maji ya ugali.