Kamera ya Ndani na Kamera ya Nje

Jumamosi Chake Chake hapapitiki. Vespa zinapenya katikati ya watu, wauza maembe mabichi wamekaa mpaka kwenye ngazi za maduka ya wenyewe, na ukisimama kurekebisha kiatu unapigwa kikumbo na mwenye gunia la muhogo. Ndiyo maana Ummkulthum binti Shaame alikuwa amekimbilia duka la Soud, muuza simu na kamera, akajibanza kwenye kaunta na buibui lake jeusi lililojaa vumbi la safari ya kutoka Wete.

Soud alikuwa amemtolea kamera mbili. Moja ndogo, ya kuingia kiganjani. Nyingine kubwa, ina mshiko wa mkono, na ukiiwasha lenzi inatoka mbele taratibu.

"Hii ndogo ni ya ndani," Soud alisema. "Chumba kidogo, taa hafifu, haikusumbui. Hii kubwa yavuta mbali sana, lakini yataka mwanga. Ukiingia nayo chumbani gizani itakupa ukungu mtupu. Sasa weye kazi yako ya wapi?"

Swali zuri. Kazi ya Ummkulthum ilikuwa ndani. Alipiga picha za harusi upande wa wanawake, kule ambako mwanamume haingii na mashungi yanavuliwa, na wanawake wa Wete walimwamini kwa sababu picha zake hazijapata kuonekana kwenye simu ya mtu. Kwa kazi hiyo, ndogo ilimtosha. Lakini moyo wake ulikuwa nje. Alitaka popo wa Kidike wanavyoning'inia mitini, alitaka msitu wa Ngezi, na zaidi ya vyote alitaka mchezo wa ng'ombe, pale dume linapomfukuza mtu mpaka anaruka ua.

"Chukua ndogo," ilisema sauti nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la kazi la buluu lina doa la mafuta mkononi, ndevu zimechongwa vizuri, na pamoja na mafuta yale alikuwa ananukia udi.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Nimejitolea tu."

"Ahsante kwa kujitolea. Sasa sogea, wanizibia mwanga."

Akaichukua ile kubwa, akaenda nayo mlangoni, akaielekeza mwisho wa njia kunako kona, mbali kabisa. Akavuta, akavuta tena.

"Ile Vespa ya buluu yenye kiti kilichochanika ya nani?"

"Yangu," alisema yule kijana. "Waionaje kutoka hapa?"

"Naiona miye, na askari naye anaiona. Anaizunguka. Sasa hivi katoa kalamu."

Kijana alitoka mbio, chaja aliyokuja kununua akaiacha juu ya kaunta. Aliporudi, jasho linamtiririka, alimkuta Ummkulthum kaziba mdomo kwa mtandio anacheka.

"Ndogo ingemuona yule askari?"

"Isingemuona."

"Basi."

"Basi nimeshindwa. Chukua kubwa. Na unipe namba yako, nikishikwa tena nikuite shahidi."

Namba hakupewa. Lakini Ummkulthum alikuwa amemwachia Soud namba, ili akitokea mnunuzi wa ile kamera kubwa amjulishe kwanza, na Soud ni mtu asiyeweza kumuona mwenzake anateseka. Jioni ile simu ya Ummkulthum ililia nyumbani kwao, mtaa wa Jadida, Wete.

"Nani mwenzangu?"

"Mshitakiwa."

"Umefungwa?"

"Nimefungwa, ndo naomba dhamana."

Aliitwa Suhail, fundi wa mafriji, na alikuwa na maneno matamu jamani, tuseme ukweli. Alimwita "mboni yangu". Alimpigia akiwa kainama nyuma ya friji za watu, mpaka wenye friji wakawa wanamuuliza anacheka na nani. Ummkulthum naye alijifanya mkavu, kisha akishakata simu anabaki anaitazama. Mazungumzo yao yote, yazunguke vipi, yalirudi pale dukani.

"Siku ukiwa mke wangu," Suhail alimwambia, "ile kubwa ni yako. Twende Ngezi, twende Kidike, miye nibebe begi tu."

"Utaweza kutembea na mke kabeba dude kama lile?"

"Wallahi nitatembea mbele nikiwasogeza watu."

Maneno haya Ummkulthum aliyashika. Posa ilipoletwa, wengine walisema kamkubali kwa ndevu, wengine kwa ufundi. Yeye alijua kamkubali kwa yale maneno.

Kosa, kama ni kosa, lilitokea Kiuyu. Kulikuwa na mchezo wa ng'ombe, na Soud alimwazima ile kamera kubwa kwa siku moja. Ummkulthum akasimama juu ya kijilima pamoja na wanawake wengine wanaoimba, akapiga picha mpaka kidole kikamuuma. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo katika ukumbi wowote wa harusi. Kabla jua halijatua, maneno yalikuwa yameshafika Chake kwa Bi Mgeni, mama yake Suhail: mkweo alikuwa uwanjani Kiuyu, kawaelekezea wanaume mtutu.

Suhail hakumwambia mchumba wake neno. Hapo ndipo ninapomlaumu. Angesema tu.

Wiki ya harusi ikaingia, Ummkulthum akawekwa ndani. Anayejua kuwekwa ndani anajua. Madirisha yalifungwa, pazia zito likashushwa, mwili ukasuguliwa msio wa manukato na uso kupakwa liwa mpaka ngozi ikawa si yake. Akiomba hewa anaambiwa atababuka. Kungwi wake, Bi Mwanamize, alikaa kwenye mkeka mlangoni kama komeo, na simu ya mwari kaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Bi Mwanamize, nifungulie dirisha kidogo tu."

"Mwari hafunguliwi dirisha."

"Nasikia joto."

"Joto la nini? Mwenzio miye nilikaa mwezi kamili."

Akajikaza. Alijiambia haya ni ya siku chache, huko mbele kuna Ngezi. Mtu aliyefungiwa anaweza kuvumilia mengi akijua mlango unafunguka upande gani.

Kisha begi likaletwa. Begi la bibi harusi, kwa asiyejua, ni sanduku la zawadi kutoka kwa bwana harusi, nalo hufunguliwa hadharani, wanawake wamejaa chumbani, kila kitu kinanyanyuliwa juu kionekane. Kanga zikanyanyuliwa, vigelegele. Viatu, vigelegele. Udi, manukato, gauni la kijani la kumetameta. Halafu shangazi yake Suhail akatoa kiboksi, akakifungua, akanyanyua kitu cheusi kidogo.

"Na kamera yake huyu, maana ndiyo kazi yake."

Vigelegele vikapasua bati. Ummkulthum, aliyekuwa kakaa kitandani kajitanda, aliiona kupitia tundu la mtandio. Ilikuwa ile ndogo.

"Nzuri, inaingia mkobani," wanawake walisema. "Hata mtu hajui kama unayo."

Walipoondoka alimshika Bi Mwanamize mkono. "Nipe simu. Ukininyima nitalia mpaka liwa litoke, utaanza upya."

Bi Mwanamize alimtazama, akafungua pindo.

"Mboni yangu," Suhail alipokea, sauti ya chini. "Si umekatazwa?"

"Umeninunulia ndogo."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa taratibu.

"Suhail, si Soud aliyekosea? Si dada zako waliobadilisha? Niambie wamebadilisha."

Angeweza kudanganya hapo, na angeaminiwa. "Miye mwenyewe," alisema. "Mama kasikia habari za Kiuyu. Kila nikikaa kula, habari ni hiyo. Kwenye baraza, hiyo. Nikaona hii ndogo ni nzuri, yafaa kazi yako, haimshtui mtu. Nimechoka kusemwa, Kulthum."

"Umesemwa siku ngapi hizo ukachoka? Na miye nitakaa nayo maisha."

"Polepole. Tukishaoana watasahau, halafu..."

"Halafu nini? Ndogo ni ya ndani, Suhail. Wewe ulikuwapo dukani, ulisikia kwa masikio yako. Hukuchagua kamera, umechagua nikae wapi."

Alikata simu, akaizima kabisa, akamrudishia Bi Mwanamize. Kisha akalia, na liwa lilitoka. Hakulia kwa sababu hampendi. Alilia kwa sababu anampenda na kadi zimeshagawiwa, ng'ombe ameshafungwa uani, wageni kutoka Unguja wameshapanda meli, na akitazama kushoto na kulia haoni pa kutokea. Kuvunja ni aibu ya baba yake. Kukubali ni chumba hiki hiki, pazia hili hili, mpaka azeeke.

"Wanaume ndo walivyo," Bi Mwanamize alisema akimpaka upya. "Utazoea."

Hilo la kuzoea ndilo lililomtisha kuliko yote.

Asubuhi ya siku ya kufungishwa ndoa, baba yake alibisha. Mzee Shaame ni mtu wa maneno machache, kanzu yake imenyooshwa vizuri, kofia ya viua kichwani. Kwao mahari huachwa wazi mpaka mwisho. Mzazi huingia akamuuliza binti mwenyewe, na wengi hujibu atakavyoona baba.

"Mwanangu, Suhail bin Bakari anataka kukuoa. Umeridhia?"

Ummkulthum alinyamaza kidogo. Mila inasema mwari akinyamaza ameridhia, na Mzee Shaame akaanza kugeuka.

"Sijajibu, baba."

Mzee akasimama.

"Naridhia kwa mahari yangu. Mahari yangu ni kamera, ile kubwa inayovuta mbali, iliyoko dukani kwa Soud."

"Si kashakuletea kamera?"

"Ile ni zawadi. Zawadi mtu anatoa anachopenda yeye. Mahari nachagua miye." Akamshika mkono wa kanzu. "Na itajwe, baba. Isisemwe mahari tuliyosikilizana. Itajwe mskitini, na yeye aitaje kwa mdomo wake. Akiona haya kuitaja, basi na miye anione haya, aniache."

"Watu watacheka."

"Nawacheke."

Mzee Shaame aliangalia pazia lililoshushwa, akamwangalia binti yake. Alikuwa akimuona tangu mdogo akipanda mkarafuu kutazama nani anapita barabarani. "Nitasema," alisema, akatoka.

Mchana ulikwenda kwa mateso. Ujumbe ulipelekwa Chake, jibu likarudi kwamba mahari ni haki yake, basi. Kwamba bwana harusi amekasirika au amefurahi, kwamba atakuja au hatakuja, hakuna aliyesema. Simu bado ilikuwa imezimwa na Ummkulthum hakuiomba. Alivalishwa, akatiwa wanja, hina ikang'aa mikononi. Baada ya alasiri wanawake wa upande wa bwana wakafika, wakajaa ukumbi wa nyumba. Bi Mgeni alikaa kiti cha mbele, bangili mpaka kiwiko, glasi ya sharubati mkononi.

Msikiti hauko mbali na nyumba, na kipaza sauti chake kinasikika Jadida nzima. Hotuba ikasomwa. Kisha ikaja sauti ya Mzee Shaame, pole na wazi:

"Suhail bin Bakari, nimekuozesha binti yangu Ummkulthum kwa mahari ya kamera, ile kubwa yenye lenzi ndefu inayovuta mbali."

Kicheko cha wanaume kikapita kwenye kipaza sauti. Ukumbini vijiko vikatulia kwenye sahani. Wanawake walimtazama Bi Mgeni, na Bi Mgeni akaitazama glasi yake.

Chumbani, Ummkulthum alikuwa kamshika Bi Mwanamize goti, kucha zimeingia. Suhail angeweza kusema "nimekubali kwa mahari iliyotajwa", ndoa ikawa halali, na aibu isimguse. Wengi wangesema hivyo.

"Nimekubali," Suhail alianza, akakohoa. Akaanza tena, kwa sauti kubwa zaidi ya ile ya kwanza. "Nimekubali kumuoa Ummkulthum binti Shaame kwa mahari ya kamera, ile kubwa yenye lenzi ndefu inayovuta mbali. Aende nayo Ngezi, aende nayo Kiuyu, na miye nitakuwepo."

Ikasikika sauti ya shehe: "Hayo ya mwisho hayamo kwenye ndoa, bwana. Lakini tumeyasikia."

Kigelegele cha kwanza kilitoka chumbani, kwa Bi Mwanamize, aliyesema wanaume ndo walivyo. Vingine vikafuata. Bi Mgeni hakupiga. Alimaliza sharubati yake, akaomba nyingine, na kwa siku ile hiyo ilitosha.

Suhail alipoletwa chumbani kumpa mkono bibi harusi, joho limemkaa upande, alikuwa kakumbatia boksi kubwa. Alimwekea mapajani, akapiga magoti.

"Nimekosa, mboni yangu."

"Umekosa."

"Nimesamehewa?"

"Nitakujibu Kiuyu."

Alikuwa bado ndani. Alijua kesho Bi Mgeni atakuwa na la kusema, na keshokutwa lingine, na kwamba mtu kusema mara moja kwenye kipaza sauti si sawa na kusimama kila siku. Lakini alitoa kamera kwenye boksi, akaiwasha, na alipoinuka kwenda dirishani, Bi Mwanamize alivuta pazia mwenyewe bila kuambiwa. Ummkulthum akaelekeza lenzi mwisho wa barabara, jua la jioni likamwingia machoni, akavuta, akavuta tena.

"Suhail."

"Labeka."

"Vespa yako umeiegesha vibaya tena."

Suhail hakukimbia. Alisogea akasimama nyuma yake dirishani, akaomba na yeye aone.